Jiwe la Tatu Mbele ya Jengo la Bima

Mume wangu ni fundi terazo. Namwita fundi hata leo, ingawa mgongo wake ulistaafu kabla yake na mashine ya kusaga sakafu hajaishika miaka minane sasa. Mtaani hawamwiti fundi. Wanamwita Mtelezo. Kwa hiyo mimi ni Mama Mtelezo, na binti yetu, mwalimu wa hesabu na mtu mwenye heshima zake, siku ya harusi yake alitambulishwa kwa wakwe kama Binti Mtelezo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Basi nyamazeni niwaeleze jina hilo limetoka wapi, maana nimechoka kuwasikia watu wasiojua kitu wakilieleza.

Miaka thelathini na moja iliyopita, shirika moja la bima lilijenga jengo lake katikati ya mji. Ghorofa sita, mbele yake uwanja mpana na ngazi tano, na pembeni mabenchi mawili marefu ya zege. Mume wangu alipewa sakafu yote, ya ndani na ya nje. Kwa asiyeijua terazo: unamwaga saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ya rangi, ikishika vizuri unaisaga kwa mashine yenye jiwe. Jiwe la kwanza ni kali, linakula. La pili linalainisha. La tatu linang'arisha, na baada yake unapaka nta. Ndani ya jengo unapitisha mawe yote matatu. Nje unaishia jiwe la kwanza, unaiacha sakafu na ukwaruzo wake, ili mvua ikinyesha watu watembee kama binadamu.

Mume wangu, nje, alipitisha mawe yote matatu. Akapaka na nta. Uwanja, ngazi, mabenchi, hakubakisha kitu. Alipomaliza akavua viatu, akafumba macho, akapitisha kisigino, maana ndivyo anavyokagua kazi yake. Mkono, anasema, una huruma, unasamehe. Kisigino hakisamehi.

Siku ya ufunguzi, asubuhi, kikanyunya kimvua kidogo tu, hata kanga za watu hazikulowa. Mkurugenzi akaja na suti ya kijivu na mkasi wa kukatia utepe. Utepe hakuukata. Aliupita kwa chini, amekaa kitako, mkasi juu, akaingia mlangoni moja kwa moja mpaka mapokezi. Watu wakapiga makofi, wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Nyuma yake wakafuata wajumbe wa bodi, mmoja baada ya mwingine. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imesimama juu ya ngazi, ikashuka zote tano bila kukanyaga hata moja, na yule wa ngoma kubwa alikwenda kusimama barabarani. Shirika la bima, jamani! Watu wanakuja kukata bima ya ajali, kumbe ajali yenyewe imewasubiri mlangoni.

Waliweka mikeka, mikeka nayo ikateleza na watu juu yake. Wakamwaga mchanga, upepo ukaupeleka ofisini. Mwisho wakaajiri mlinzi wa kuwashika watu mkono kuwavusha, na mlinzi huyo alikuja kumwoa mteja mmoja aliyemdaka mara tatu kwa wiki moja. Mimi nasema yule mwanamke alikuwa anajiangusha makusudi, lakini si yangu hayo.

Mume wangu aliitwa ajieleze. Akasema, "Mimi niliagizwa. Msimamizi ndiye aliyesema nipitishe jiwe la tatu." Msimamizi wa ujenzi, mtu wa maringo na kofia pana, akaruka futi mia. Akaapa hajawahi kutamka neno kama hilo. Michoro ya jengo ilikuwa imehifadhiwa stoo, paa la stoo likavuja, michoro ikawa uji. Basi ikabaki neno la huyu na neno la yule, na wote wawili wakanyimwa kazi na kila mkandarasi mkubwa kwa muda mrefu. Mume wangu akawa fundi wa mabafu ya watu.

Nami nilimwamini mume wangu. Kwa nini nisimwamini? Mimi ni fundi cherehani, na mke wa Msimamizi alikuwa mteja wangu, tena mteja mzuri, asiyebadilisha mawazo kitambaa kikishakatwa. Nilimrudishia kitambaa chake bila kukigusa. Tangu siku hiyo, tukikutana sokoni, yeye ananiangalia mimi, na mimi naangalia nyanya. Miaka thelathini nimeangalia nyanya. Hakuna mtu katika mji huu anayezijua nyanya kama mimi.

Sasa njooni kwenye habari ya skeiti.

Miaka kama kumi na minne iliyopita, nilianza kuletewa suruali za ajabu. Zote za vijana, zote zimechanika magoti na makalio. Nikiuliza kulikoni, naambiwa, "Nilianguka, mama." Nikadhani kuna ugonjwa umeingia mjini. Nilitia viraka mpaka vitambaa vikaniishia, nikaanza kukata mapazia yangu ya zamani. Ndipo siku moja nilipopita mbele ya jengo la bima, Jumamosi ofisi zimefungwa, nikaona suruali zangu zote ziko pale, na maua ya mapazia yangu makalioni. Vijana wamesimama juu ya mbao zenye magurudumu manne, wanapita kwenye uwanja ule kama hawana mifupa. Wanaruka ngazi tano. Wanapanda juu ya benchi kwa ubao, wanaserereka juu yake mpaka mwisho, wanashuka, wanaanguka, wanacheka. Mlinzi anawafukuza, anateleza, wanamwinua, wanamkung'uta suruali, halafu anaendelea kuwafukuza.

Pale mahali walipaita Kioo. Jina likaenda. Vijana wa miji mingine wakaja na mabasi, mbao kwapani. Halafu wakaja wageni kutoka nchi ambazo sisi tulizijua kwenye stempu tu, wakalala kifudifudi kwenye uwanja wa bima na kamera zao, wakawapiga picha vijana wetu wakianguka. Picha hizo zilitazamwa na watu wengi mno. Binti yangu aliniambia kuna watu duniani wasioujua mji wetu hata kwa jina, lakini benchi la kushoto la jengo la bima wanalijua urefu, kimo na ubaridi wake. Mimi nikamwambia anatia chumvi. Akanionyesha kwenye simu. Mgeni mmoja aliligusa lile benchi huku akilia machozi! Kijana mzima, ana ndevu!

Na mume wangu? Ukitaja Kioo anaamka anakwenda kutazama kama mlango wa nyuma umefungwa.

Kisha mishumaa ikaanza kupotea nyumbani. Nanunua pakiti, kesho nakuta mbili zimebaki. Umeme upo. Na mume wangu kila Jumamosi alasiri ananyoa, anavaa shati safi, anasema anakwenda kunyoosha miguu. Nikajiuliza, mtu wa miaka sabini na mbili, anayeshuka kitandani kwa awamu, ana mwanamke gani huko asiyekuwa na umeme? Niliitazama mikasi yangu mezani, kisha nikaiacha. Jumamosi iliyofuata nikamfuata nyuma nyuma na mwavuli wangu, na mwavuli ule sikuuchukua kwa ajili ya mvua.

Nikamkuta mbele ya jengo la bima amepiga magoti kwenye benchi la kushoto, mshumaa mkononi, vijana kumi na tano wamemzunguka kimya. Alikuwa anawagombeza.

"Nani aliyepaka hapa? Nani? Nta mnaipaka kama mnampaka mtoto mafuta! Ipashe moto kwanza kiganjani. Hivi. Kisha unazungusha, unazungusha, halafu gunia kavu. Gunia liko wapi?"

"Hili hapa, Babu," akasema msichana mmoja mwenye bandeji kwenye kiwiko, ambaye ndiye mkubwa wao pale.

"Sugua wewe. Usiligandamize, unalionea! Taratibu."

Mwisho akavua kiatu, akafumba macho, akapitisha kisigino juu ya benchi. Vijana wote wakashika pumzi. Akatikisa kichwa kukubali, na wakashangilia mpaka mlinzi akaanguka. Nilirudi nyumbani na mwavuli wangu bila kujionyesha. Nikanunua mishumaa mingi zaidi, nikaiweka mahali anapopaona, na sikumuuliza kitu.

Mwaka huu shirika la bima likapata mkurugenzi mpya, mwanamama mwenye viatu virefu na haraka. Siku yake ya kwanza kazini aliingia ofisini kwa mgongo. Wiki ileile likabandikwa tangazo: sakafu ya nje itavunjwa yote, mabenchi pia, na kumwagwa zege la kawaida lenye ukwaruzo. Vijana wakachanganyikiwa. Yule msichana wa bandeji alikwenda halmashauri akakaa mlangoni kwa ofisa wa majengo siku nne, mpaka ofisa akachoka kumruka. Ofisa huyo, mama mmoja mpole anayesoma kila karatasi mara mbili, akafungua vitabu vyake, akakuta jengo limekwishaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kutunzwa. Sheria yake ni nyepesi. Kilichokusudiwa na wajenzi hakiguswi. Kilichotokea kwa kosa kinaruhusiwa kuvunjwa.

Na kwa kuwa michoro ilikuwa imegeuka uji, wakaitwa waliokuwepo. Msimamizi, na mume wangu.

Mimi nilifurahi mpaka nikaimba. Hebu fikirini! Mume wangu anasimama mbele ya watu, anasema maneno yaleyale aliyoyasema miaka thelathini, kwamba aliagizwa. Sakafu inapona, jina letu linasafishwa, na Msimamizi anaumbuka. Mambo matatu kwa sentensi moja. Nikampigia pasi shati la kola. Yeye chai haikupita, mkate haukupita. "Una nini wewe?" nikamuuliza. "Tumbo," akasema. Nikampa tangawizi, na ilikuwa kazi bure.

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, palepale mapokezi ya bima. Vijana walijaa na mbao zao, wageni wa kamera walikuwepo, mkurugenzi alikuwepo amevaa raba. Nilikaa mbele. Mke wa Msimamizi alikaa ng'ambo, akaniangalia. Hapakuwa na nyanya, nikaangalia feni.

Ofisa akamwinua Msimamizi kwanza. Mzee akasimama na kofia yake ileile pana na fimbo mpya. Nikajiandaa kumsikia akikana kama kawaida yake.

"Mheshimiwa ofisa," akasema, "jiwe la tatu ni langu. Mimi ndiye niliyeagiza. Yalikuwa maono yangu."

Mungu wangu! Kamera zote zikamgeukia. Akaendelea dakika ishirini. Akasema tangu anakagua msingi alikuwa amekwishawaona vijana hawa machoni pake, ingawa wazazi wao walikuwa bado hawajajuana. Akasema mabenchi aliyapima kwa ajili ya magurudumu. Akasema dunia haikuwa tayari, ndiyo maana alinyamaza. Vijana walimtazama mdomo wazi, msichana wa bandeji anafuta machozi kwa bandeji.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Mmesikia?" nikapiga kelele. "Mmesikia kwa masikio yenu? Miaka thelathini na moja nasema mume wangu aliagizwa! Miaka thelathini na moja!" Ofisa akaniomba nikae. Nikakaa, nikasimama tena kidogo, nikakaa.

Ndipo ofisa akamgeukia mume wangu. "Mzee, na wewe ulikuwepo. Ni kweli aliyoyasema mwenzako?"

Mume wangu aliinuka akabaki amesimama. Nilimwona anaangalia nje kupitia kioo cha mlango, kule kwenye uwanja, na jua limelala juu yake. Kisha akawaangalia wale wageni wenye kamera waliomzunguka Msimamizi. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni hasira, nikamnong'oneza, "Sema basi, baba, ndiyo nafasi yako hii."

"Ni kweli," akasema. "Yeye ndiye aliyeagiza. Mimi nilifuata tu."

Na pale nikamwona Msimamizi. Wote walikuwa wanamtazama mume wangu, mimi peke yangu nilimtazama yeye, maana nilitaka kufaidi. Jamani, yule mzee alishtuka. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili, amejipanga kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. Akamkodolea mume wangu macho kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. Mtu aliyeagiza kitu kwa kinywa chake anashangaa nini akiambiwa aliagiza?

Moyo wangu ukafanya kitu ambacho sikukipenda.

Ofisa akaandika, akagonga mhuri. Sakafu isiguswe. Yakatokea makelele ambayo sijayasikia tangu tuoane. Vijana wakambeba Msimamizi juu juu, kofia ikaanguka, wakamletea mbao zao azitie sahihi. Wageni wakamuuliza maswali kwa zamu. Mkurugenzi naye akashikana naye mkono, kwa uangalifu. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni karibu na mapipa ya maua, anapiga makofi. Alipiga makofi mpaka wengine wote wakaacha.

Tulirudi kwa miguu. Sikusema neno njia nzima, na mnaonijua mnajua hilo lilinigharimu nini. Tulipofika nikafunga mlango, nikaketi kwenye kiti cha cherehani, nikashika kiuno.

"Nani aliyesema upitishe jiwe la tatu?"

"Si umesikia..."

"Nimesikia uongo wa watu wawili leo. Sasa nataka ukweli."

Akakaa kitandani. Akatazama miguu yake.

"Aliniambia niishie la kwanza," akasema. "Aliniambia mara mbili. Mara ya pili alifoka."

Niliishika meza. Miaka thelathini na moja! Vitambaa vya yule mwanamke nimevirudisha, harusi ya mtoto wake sikwenda, ya wangu sikumwalika, nimetazama nyanya mpaka nyanya zikanizoea! Nilimwambia yote hayo, na mengine ambayo hayakuhusiana kabisa, ikiwemo habari ya mishumaa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwa nini sasa?" nikamuuliza. "Kwa nini ulifanya?"

"Nilipomaliza jiwe la kwanza, nilimwaga maji kuosha vumbi. Nikaona yale mawe mekundu yanajitokeza chini. Yalikuwa mazuri, mke wangu. Nikasema nijaribu kipande kidogo, pale kwenye benchi la kushoto, hakuna atakayeona. Nikapitisha la pili. Ikakubali. Nikapitisha la tatu." Akainua mikono akaishusha. "Nilishindwa kuacha. Halafu watu wakaanguka, nikaogopa, nikamtaja yeye."

"Na leo? Leo walikuwa tayari kukubeba wewe! Si ungesema ni kazi yako?"

"Ningesema nini? Kwamba nilikatazwa nikafanya? Hilo ni kosa. Kosa linavunjwa. Umemsikia ofisa."

Akaweka kiganja machoni, na sauti ikamtoka nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ila nilitaka sana wajue ni mimi," akasema. "Nilitaka sana."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, msidhani ilikwenda mahali. Kesho yake ningekwenda kupiga hodi kwa yule mwanamke, na sikujua ningeanza na maneno gani. Lakini nilimwangalia mzee wangu pale kitandani na shati lake la kola, nikajisikia vibaya. Kwa sababu nilikuwa nimemtetea miaka yote ile nikisema kosa si lake, na hata siku moja sikuwahi kuiangalia ile sakafu kama kazi ya mtu. Nilikuwa naipita haraka, nimeshika ukuta.

Nikahama kiti nikakaa karibu naye.

"Ile sakafu," nikamwambia, "ni nzuri kuliko kitu chochote kilichojengwa katika mji huu. Na umeifanya wewe, mjinga mkubwa wee. Peke yako."

Akatoa kiganja machoni. "Unasema kweli, au unanihurumia?"

"Mimi nimeanza lini kukuhurumia?"

Akafikiri. Hilo aliliona lina ukweli.

"Hebu sema tena," akasema.

Nikasema tena.